Lambo la mtu binafsi liko juu ya nyumba zetu, tunaambiwa ni "daraja la chini". Chini kwa nani?

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Huku kwetu bondeni, pande za Chanika, kuna tajiri ana lambo la tuta la udongo. Alilichimba zamani kwa ajili ya samaki na bustani, enzi hizo chini yake ni mikorosho na pori tu. Leo hapo chini kuna nyumba, vyumba vya kupanga, banda la chipsi na chekechea. Viwanja tumeuziwa, mihuri ya serikali ya mtaa imegongwa, nguzo za umeme zimeingia. Kwenye makaratasi lambo bado liko porini.

Nimeenda ofisi inayohusika. Kijana wa pale, hata kunikaribisha kiti hakuna: "Mzee wangu, lile dogo, liko daraja la chini la hatari." Nikamuuliza mara ya mwisho nani alifika kuliona, akainamia simu.

Hapo ndipo waliponiudhi. Daraja la hatari si cheti kwamba tuta ni zima. Linauliza likipasuka maji yatamkuta nani. Watu wakishajenga chini yake, daraja linapanda hata kama mwenye bwawa hajaongeza koleo moja la udongo. "Dogo" maana yake nini? Mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Pigeni hesabu lambo zima linashuka usiku watoto wamelala.

Na tuta lenyewe nendeni mkalione. Miti imeota mgongoni, mizizi inatoboa, panya buku wamechimba watakavyo. Utoro, ile njia ya kupitishia maji yakizidi, umezibwa kwa viroba vya mchanga na wavu ili perege wasitoroke! Perege wana ulinzi kuliko sisi. Mvua ikikolea maji yatapita wapi kama si juu ya tuta? Na tuta la udongo likishapitiwa juu linamomonyoka hadi linakatika. Kwenye kitako kuna maji yanachuruzika. Zamani yalikuwa meupe, siku hizi yana rangi ya chai ya maziwa. Yakitoka na udongo, ujue tuta linaliwa kwa ndani.

Wenzetu wa Solai, Nakuru, Mei 2018, bwawa la udongo la shamba la mtu lilipasuka usiku, likaua watu zaidi ya 40.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ipo tangu 2009 na usalama wa mabwawa umo. Mwenyekiti wetu yeye anasema tajiri ni mtu wa watu, alitoa mabati ya ofisi. Sawa, mabati tumeyaona, atoe na viroba.

Mwenye kumjua mhandisi wa mabwawa mwenye usajili, wa kuja kukagua na kuandika ripoti, anitajie gharama, tutachangishana. Na viroba visipotoka kabla ya masika, vijana wa mtaa wameshasema watavitoa wenyewe.