Naomba ushauri: santuri za muziki wa soul, niuze vipi?

Habari zenu wakuu. Marehemu mjomba kaniachia santuri ndogo za soul za miaka ya 1960: za kampuni za kurekodi za Marekani, Motown na Stax, na lebo ndogo za Detroit nisizozijua. Dalali wa Kariakoo anazitaka zote kwa bei ya jumla, eti siku hizi watu wanasikiliza kwenye simu. Sijamwamini, mwaka 2009 santuri moja ya mwimbaji wa soul Frank Wilson iliuzwa Uingereza kwa zaidi ya pauni 25,000! Nimepekua Discogs, tovuti ya kuuza na kununua santuri, lakini bei zinapishana mno, na nyingine zimeshachapwa upya. Zangu zina mikwaruzo, chache zimepinda kwa joto.

Nani hapa Dar anaweza kuzikagua kwa uaminifu? Na je, nakala mpya zinashusha bei ya zile za awali?