Picha za wanachama: databesi ama folda?

Karani_Ngara: Mfumo wa sacco, wanachama elfu 40. Kila mmoja ana picha ya uso, KB 40 hivi, na nakala ya kitambulisho, MB 2. Ziingie MySQL, databesi yetu, ama zikae kwenye folda, databesi ibaki na jina la faili tu? Kamati inakaa Ijumaa.

MwanaSeva: Folda. Vitambulisho pekee ni GB 80. Ukidampo databesi, yaani kutoa nakala ya akiba, na --hex-blob inayoandika kila baiti kwa herufi mbili, ni kama GB 160, kila usiku. Anayejaza picha kwenye jedwali alisomea YouTube.

Bi_Jedwali: Hata watafiti wa Microsoft walisomea YouTube? Walipima 2006: chini ya KB 256 databesi inashinda, ukipita MB 1 faili ndizo zinashinda. Picha ya uso ndani, kitambulisho nje.

MwanaSeva: Hiyo ilikuwa SQL Server na NTFS, databesi na mfumo wa faili wa Microsoft, dada. Hapa ni MySQL. BLOB ya kawaida, safu ya kuweka faili, inaishia baiti 65,535, na strict mode, ukaguzi mkali wa data, ikizimwa inakata kinachozidi badala ya kukataa. Unafungua picha: paji la uso lipo, kidevu ni kijivu.

Bi_Jedwali: Ndiyo maana kuna MEDIUMBLOB, MB 16. Soma kabla ya kutukana watu. Na ROLLBACK ikipita, databesi ikatengua ilichoandika, faili lako analifuta nani?

Mzee_Rongai: Taratibu. Andika faili kwa jina la muda, fsync ili ifike diskini kweli, rename ipate jina lake, ndipo rekodi iingie. Ikikwama hapo, faili yatima inafagiliwa usiku na kroni, kazi ya ratiba. Heri hiyo kuliko rekodi inayoelekeza hewani. Jina litokane na SHA-256, alama inayokokotolewa kutoka kwa faili yenyewe, herufi mbili za kwanza (kila moja ina chaguo 16) ziwe folda, upate folda 256. Angalia pia df -i: inodi, nafasi za kusajili faili, zikiisha utaambiwa diski imejaa na nusu iko tupu. Na chmod 777, ruhusa ya kila mtu kusoma na kuandika, mtu asijaribu.

Simba_Kodi: 777 iko sawa bora seva ni yako peke yako.

Bi_Jedwali: Ati nini?

MwanaSeva: Hapa niko na Bi Jedwali. Mtu anapakia picha.php, faili ya kodi, anaifungua kwa brauza, seva inaiendesha. Kwisha.

Mzee_Rongai: Hiyo hailetwi na 777, MwanaSeva. Inaletwa na folda kukaa ndani ya public_html, inayofunguliwa na wavuti. Hata kwa 755, ambapo mwenyewe tu anaandika, itaendeshwa. Itoe nje, PHP ikague nani ameingia, kisha Nginx, programu ya seva ya wavuti, itoe faili kwa agizo la X-Accel-Redirect.

Simba_Kodi: Si nilisema 777 haina shida.

Mzee_Rongai: Hukusema hivyo, na ina shida. Kwa 777 prosesi yoyote kwenye seva inasoma vitambulisho na kuvibadilisha. Weka 750, wengine wasiingie, kundi www-data, la seva ya wavuti.

Karani_Ngara: Tuko cPanel, paneli ya kusimamia hosting ya kukodi, Nginx hatuna.

Bi_Jedwali: cPanel? Vitambulisho vya watu elfu 40, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko, mnaviweka kwa seva ya kushiriki?

Simba_Kodi: cPanel imefanya nini tena?