Mjadala: Pesa ya umma iende kwa ethanoli, kwa stima, au isiende popote?

Mwanzishaji wa mada, Umoja

Tujadili jambo hili kwa uzito wake, maana linagusa mfuko wa kila mtu hapa Nairobi, mwenye gari na anayepanda matatu. Kila tarehe 14 ya mwezi tunangoja EPRA, mamlaka ya kawi, itangaze bei mpya za mafuta, kisha tunalipa. Oktoba 2023 lita ya petroli hapa jijini ilifika shilingi 217. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kwa hiyo petroli na dizeli yote tunayochoma inateremshwa Mombasa ikiwa imeshasafishwa kwingine, na inalipiwa kwa dola.

Msimamo wangu ni huu: serikali itumie pesa ya umma kukuza mafuta mbadala, ila kwa masharti mawili. Yatokane na mabaki, yasitoke kwenye shamba ambalo lingelimwa chakula. Na yatumike hapa hapa nchini.

Vijana wengi hawajui kwamba tulishawahi kufanya hivyo. Miaka ya 1980 petroli iliyouzwa hapa Nairobi ilichanganywa na ethanoli, ile pombe kali ya kiwandani, kwa asilimia 10. Ethanoli hiyo ilitengenezwa Muhoroni kwa molasi, ile masalia nyeusi nzito inayobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa. Tani moja ya molasi hutoa takriban lita 250. Mpango ulidumu kama miaka kumi, ukafa mapema miaka ya 1990. Injini hazikuwa na shida. Kilichouua ni bei: serikali ndiyo iliyoipanga, kampuni za mafuta hazikuupenda mpango wenyewe, na ethanoli ikawa inalipa zaidi ikiuzwa nje. Malawi, nchi isiyo hata na bandari, walianza kuchanganya mwaka 1982 na wanaendelea.

Wao wameweza. Sisi tunashindwa na nini?

Fundi, Kirinyaga Road

Ndugu, sipingi, lakini tuanze na magari yaliyoko barabarani. Ethanoli inavuta maji. Tangi la kituo cha mafuta likiwa na maji chini, na mengi yanayo hasa msimu wa mvua, ethanoli inajitenga na petroli, inashuka na yale maji hadi chini kabisa, na hapo ndipo pampu inavuta. Gari linazimika, mwenyewe analaumu fundi.

Halafu ethanoli inasafisha. Uchafu ulioganda ndani ya tangi kwa miaka unalegea na kukimbilia kwenye filta. Wiki za kwanza mtatuletea filta nyeusi tititi. Magari ya Kijapani ya miaka ya karibuni yanavumilia asilimia 10 bila neno. Wasiwasi wangu ni pikipiki kuukuu na magari ya kabureta, maana mipira yake ya mafuta inavimba na kupasuka. Na mjue kwamba lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya lita ya petroli, kwa hiyo kwa mchanganyiko wa asilimia 10 gari litakula zaidi kidogo, kama asilimia 3. Mwenye teksi ataiona hiyo.

Kwa hiyo serikali ikitaka kusaidia, ianze kukagua matangi ya vituo kabla ya kumpa mtu ruzuku.

Mwendesha boda, Kawangware

Sasa wakubwa, mbona tuzunguke hadi Muhoroni na stima iko hapa? Karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Usiku watu wakilala mvuke hauzimwi. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme, shilingi 16 kwa uniti na shilingi 8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na tozo. Mwaka huo huo Sheria ya Fedha ikaondolea pikipiki na mabasi ya umeme ushuru wa VAT. Huo ndio msaada unaomfikia mtu wa chini.

Mimi naendesha ya stima. Nafika kituoni, natoa betri, naweka nyingine, naondoka. Hakuna kubadilisha oili, hakuna plagi, hakuna kabureta. Jioni kinachobaki mfukoni ni kikubwa kuliko nilivyokuwa kwenye petroli.

Ila niseme na uchungu wake. Betri si yangu, ni ya kampuni. Siku malipo yakichelewa wanaifunga kutoka ofisini kwao kwa simu, hata kama nina abiria na niko katikati ya Naivasha Road. Na betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Serikali iingilie hapo. Ilazimishe betri ziwe za aina moja, ndipo ushindani utatusaidia.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Wanangu, nimewasoma wote. Nawaomba mvumilie maneno ya mtu aliyeona mipango hii ikija na kwenda.

Miaka ya 2000 tuliambiwa mbono kaburi, ile jatropha ya mbegu za mafuta, ndiyo dhahabu. Inaota kwenye ukame, haitaki mbolea, hailiwi na mbuzi. Watu walipanda. Ukweli ukajitokeza: kwenye ardhi kavu inaota, ndiyo, lakini haizai vya kutosha kumlipa mkulima, na ukitaka izae lazima uipe maji na rutuba kama zao lingine lolote. Faida ilikuwa kwa aliyeuza mbegu, si kwa aliyepanda.

Kule Dakatcha, Malindi, palikuwa na pendekezo la kufyeka hekta 50,000 za msitu ili kupanda mbono huo huo. Ndege adimu wako pale, na wenyeji wanalima na kuvuna asali. NEMA, mamlaka ya mazingira, ilikataa hatimaye, baada ya wanakijiji na watu wa mazingira kupiga kelele kwa miaka. Delta ya Tana nako kukaja mradi wa miwa, wa sukari na ethanoli, kwenye malisho ambayo wafugaji hukimbilia wakati wa kiangazi. Wakaishia mahakamani.

Na Mumias? Kiwanda kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya sukari nchini kilijenga mtambo wa ethanoli uliozinduliwa mwaka 2012, wa kutoa lita milioni 22 kwa mwaka. Mwaka 2019 kampuni yenyewe ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali kwa niaba ya wanaodai. Mtambo haufanyi kazi bila miwa, na miwa haiji bila mkulima aliyelipwa. Mwaka 2023 usagaji ulisimamishwa kwa miezi kadhaa karibu ukanda wote wa magharibi kwa sababu miwa ilikuwa haijakomaa. Sasa niambieni, mwezi ambao viwanda vimefungwa, petroli itachanganywa na nini? Tutaagiza ethanoli kwa meli? Basi tumebadilisha meli tu.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Ethanoli ya kiwandani hupotelea kwenye pombe haramu. Tumezika vijana wengi. Ukiongeza mamilioni ya lita barabarani bila kuitia kitu cha kuifanya isinyweke pale pale kiwandani, kabla lori halijatoka getini, unaongeza makaburi. Hilo kwangu si jambo la kujadili bei.

Binti wa Makueni, Roysambu

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu mbono kaburi, ila mbarika, ule mmea wa mafuta ya kastoli, ni hadithi nyingine, na sharti la pili la kaka wa Umoja linamgusa mama yangu moja kwa moja.

Kwetu Makueni mbarika ilikuwa inaota kando ya ua, hakuna aliyeijali. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mafuta, na mwaka huo huo shehena ya kwanza ikapelekwa kwenye kiwanda chao cha Gela huko Italia. Mei 2023 Kenya Airways wakaruka hadi Amsterdam wakiwa na mafuta ya ndege yaliyochanganywa na mafuta mbadala ya Eni. Mama huanika mbegu uani kwenye turubai, zikikauka maganda yanapasuka yenyewe, anazipepeta, anajaza gunia. Ile misimu mitano mfululizo ambayo mvua ilikosa kunyesha, kutoka 2020 hadi 2022, mahindi yalikauka yakiwa magotini. Mbarika ilisimama.

Sasa mkisema mafuta yasiuzwe nje, mtamwambia auze kwa nani? Hapa nchini hakuna anayeyanunua kwa wingi. Ninachotaka kutoka kwa serikali si pesa kwa kampuni. Nataka bwana shamba afike kijijini, nataka mbegu iliyopimwa, na nataka wanunuzi wawe zaidi ya mmoja, maana penye mnunuzi mmoja mkulima hana bei, popote duniani. Na yale mashudu yanayobaki yana sumu, mifugo isilishwe, lakini ni mbolea nzuri. Yarudi shambani kwetu.

Mama Chipsi, Githurai 45

Mimi nina swali dogo. Mafuta yangu ya kukaangia yakishakuwa meusi, kuna vijana wanapita na mitungi wanayanunua. Najua mengine yanaishia kwenye karai la mtu mwingine, yanakaanga mandazi ya watoto wa shule. Nimesikia hayo yanaweza kuwa dizeli. Kama ni kweli, serikali iweke mahali pa kuyapeleka, yapimwe, tulipwe. Mabaki yako hapa mjini, si lazima kwenda mashambani.

Mwanzishaji wa mada, Umoja

Mama, ni kweli kabisa, na hiyo ndiyo roho ya sharti langu la kwanza. Idara ya afya ya kaunti ikishirikiana na wanunuzi waliosajiliwa, karai la pili linakosa mafuta na lori linapata dizeli.

Dada wa Makueni, mama yako auze anakopata bei. Sharti langu ni la pesa ya umma, si la jasho lake. Bwana shamba na mbegu ni haki yake hata angepanda ndengu. Ninachokataa ni kodi yangu kumjengea mtu mtambo ambao mafuta yake yote yanapanda meli.

Mwalimu, hoja ya ugavi ni nzito. Molasi yetu, hata mwaka wa mavuno mazuri, haitoshi kuchanganya asilimia 10 nchi nzima. Ndiyo maana nasema tuanze Kisumu, Kakamega na Eldoret, karibu na viwanda, kwa asilimia 5, na mwezi ambao ethanoli haipo petroli iuzwe tupu bila mtu kuagiza nje. Pesa ya kumhakikishia mkulima bei iko tayari. Kwa kila lita tunakatwa shilingi 5.40 za tozo ya maendeleo ya petroli, iliyopandishwa kutoka senti 40 mwaka 2020. Imekuwa ikitumika kutuliza bei za pampu. Sehemu yake iweke bei ya chini kabisa ya ethanoli, iandikwe kwenye sheria, ili bei ya dunia ikishuka kiwanda kisifunge kama zamani. Na kuhusu kuitia kitu isinyweke kabla ya geti, nakuunga mkono bila masharti.

Mwalimu mstaafu, Buruburu

Hapo tumekaribiana. Lakini kijana wa Kawangware hajajibu swali moja. Tangu Julai 2024 kila lita inatoa shilingi 25 za kutengeneza barabara. Anayetumia stima hatoi hata senti, na lami anaikanyaga. Wakihamia wote huko, nani atalipa?

Mwendesha boda, Kawangware

Mzee wangu, swali ni la haki na najibu. Tuko tayari kulipa. Ila ikatwe kidogo kidogo pale tunapobadilisha betri, mtu alipe kwa kadiri anavyotembea, isije ikawa ada ya mwaka ya kulipwa mara moja, maana hakuna boda aliye na hizo pesa Januari. Na watuache kwanza miaka michache tumalize mikopo ya pikipiki. Wakianza kukata kabla ya hapo, kijana aliye kwenye petroli leo atapiga hesabu zake na kubaki pale pale. Tena ile pesa ionekane kuanzia Congo hadi Gatina, hapa kwetu Kawangware, kwa sababu mashimo ya pale ndiyo yanayovunja betri, na betri ikivunjika tunatozwa sisi.