Tupeane uzoefu: bastola yako mpya ilikuonyesha nini ulipoishika na kuifyatua kwa mara za kwanza?

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mada hii ni kwa wale wanaomiliki bastola za nusu otomatiki kihalali na waliowahi kuipokea silaha ikiwa mpya kabisa, bado ina mafuta ya kiwandani. Naiona haja yake kwa sababu maelezo tunayoyapata kabla ya kununua huhusu zaidi sifa zilizoandikwa kwenye kijitabu, ilhali mambo yanayomfanya mtu aipende silaha yake, au aiuze mapema, hujitokeza akishaishika na kuifyatua. Naomba kila mmoja aeleze alichokiona kwa macho yake, hata kama ni kidogo. Nitaanza mimi.

Bastola yangu ni ya saizi ya kati na inatumia risasi za milimita 9 kwa 19. Fremu yake, yaani kiunzi chenye kishikio, ni ya plastiki ngumu, slaidi (kile kipande cha juu kinachotembea mbele na nyuma) na mtutu ni vya chuma, na magazini yake, yaani kasha la risasi linaloingia ndani ya kishikio, hubeba risasi 15. Haina nyundo ya nje. Ndani yake mna pini ya kupigia ambayo hukokiwa, yaani huvutwa nyuma tayari kwa kupiga, kwa sehemu slaidi inapotembea, kisha triga ndiyo humalizia kazi iliyobaki. Mfumo huu ulienea sana baada ya jeshi la Austria kuichagua bastola ya Glock 17 mwaka 1982, na leo watengenezaji wengi wana bastola zinazofanana nayo kwa umbo na kwa namna ya kufanya kazi.

Jambo la kwanza nililoliona ni uzito, au niseme mahali uzito ulipo. Ikiwa tupu, bastola ya plastiki huelemea mbele kidogo kwa sababu chuma chote kiko juu. Risasi moja ya milimita 9 ina takriban gramu 12, kwa hiyo magazini ya risasi 15 ikijaa huongeza karibu gramu 180 ndani ya kishikio, na uzito huo hurudi kwenye kiganja. Ndiyo maana sikubali kabisa hukumu ya mtu aliyeishika bastola tupu kaunta akasema imekaa vizuri au vibaya mkononi, kwani silaha aliyoishika pale siyo atakayoitumia.

Jambo la pili ni triga, na hapa nitakaa kidogo. Nilihakikisha chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa, haina kitu, nikazitoa risasi zote nje ya chumba nilimokuwa, nikaelekeza mtutu mahali salama na kuivuta polepole ili niisome. Mwanzoni huenda kwa ulaini bila upinzani wowote, halafu kidole hufika mahali panapogoma, na ukiongeza nguvu kidogo hapo ndipo hukatika, yaani pini huachiwa ipige. Ukiiachia taratibu baada ya kukoki upya huku ukiwa bado umeibana, inarudi mbele kidogo tu, kisha kinasikika kimlio chembamba ambacho kidole nacho kinakihisi. Kutoka hapo unaweza kufyatua tena bila kuiachia yote. Katika bastola yangu kimlio hicho kiko karibu na kiko wazi, na ndicho kilichonifanya niridhike nayo kuliko rangi au umbo lake.

Uwanjani mambo hayakuwa laini tangu mwanzo. Kila baada ya muda slaidi iligoma kufunga kabisa, risasi ikabaki imeinamisha pua kwenye mdomo wa chemba. Aliyekuwa jirani yangu alisema mara moja kwamba bastola ni mbovu irudishwe. Mimi niliona ni bora kutenganisha mambo kwanza, maana risasi inapokwama kuna washukiwa wanne ambao ni magazini, risasi zenyewe, uchafu au ukavu wa mafuta, na mkono wa mpigaji. Bastola yenyewe huja baada ya hao. Niliziandika magazini namba kwa rangi nyeupe kwenye kitako, nikaendelea kupiga kwa risasi zilezile na mkono uleule, na mikwamo yote ikatoka kwenye magazini moja tu. Kingo zake za juu, zile zinazoishika risasi isiruke, zilikuwa zimebana kuliko za wenzake. Ilibadilishwa, na bastola haijagoma tena.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba bastola mpya isihukumiwe kabla washukiwa hao wanne hawajachunguzwa mmoja mmoja, kwa kubadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine kama vilivyo. Karibuni mnisahihishe au mniongezee.

Mchangiaji wa 1

Ahsante sana mleta mada. Hapo kwenye mkono wa mpigaji nina la kusema, kwa sababu ndiko kulikokuwa na jibu letu.

Mimi na mdogo wangu wa kike tunafanya mazoezi pamoja. Bastola yake ni ndogo na nyepesi, na ilikuwa ikikwama mikononi mwake lakini mikononi mwangu haikwami, kwa risasi zilezile na magazini zilezile. Mkufunzi alitueleza sababu kwa utulivu. Risasi inapotoka mbele, slaidi husukumwa nyuma, na safari hiyo ndiyo inayolitoa ganda tupu la risasi iliyopigwa, kuikoki bastola na kuchukua risasi nyingine. Lakini slaidi huweza kusafiri kikamilifu pale tu ambapo fremu imezuiwa isirudi nayo. Kiwiko na kifundo cha mkono vikilegea, fremu hurudi pamoja na slaidi, nguvu ya springi inakosa kitu cha kuegemea, na ganda linabaki limesimama wima kwenye tundu la kutolea. Bastola nyepesi huonyesha tatizo hili mapema kwa sababu fremu yake haina uzito wa kutosha kujizuia yenyewe.

Alichofundishwa ni kupandisha kiganja cha kulia juu kabisa chini ya mkia wa fremu, kisha kujaza nafasi iliyobaki upande wa kushoto kwa kiganja cha mkono wa pili, vidole gumba vyote viwili vikielekea mbele upande mmoja. Hakuongeza nguvu hata kidogo, alibadilisha mahali pa kushika, na mikwamo ikakoma siku ileile.

Kuna jingine kwa wenye mikono midogo. Slaidi mpya huwa ngumu kukoki, na wengi huivuta kwa ncha za vidole viwili. Ni rahisi zaidi kuisogeza bastola karibu na kifua, mtutu ukiwa bado unaelekea kwenye shabaha, kuikamata slaidi kwa juu kwa kiganja kizima, kisha kuusukuma mkono wa kulia mbele wakati wa kushoto unavuta nyuma. Ikifika mwisho, iachie ijirudie yenyewe kwa nguvu ya springi, usiisindikize, kwa kuwa kuisindikiza nako huleta ile hali ya slaidi kutofunga aliyoieleza mleta mada.

Mchangiaji wa 2

Mimi ni mtumiaji wa mkono wa kushoto, na nadhani sisi huwa tunasahaulika kwenye maelezo ya namna hii.

Bastola nyingi hutupa maganda upande wa kulia, kwa hiyo kwa mtu wa kushoto maganda hupita mbele ya uso, na mengine huwa ya moto. Miwani ya kinga kwangu haina mjadala. Kitufe cha kutolea magazini kwenye bastola yangu kinaweza kuhamishiwa upande wa pili, lakini baada ya kujaribu pande zote mbili nimekiacha palepale kiwandani walipokiweka, kwa sababu kidole changu cha shahada kinakifikia vizuri kuliko kidole gumba. Kinachonisumbua bado ni kile kijikono cha kushikilia slaidi nyuma, ambacho kiko upande wa kushoto tu. Nimejizoeza kuikoki kwa juu kama alivyoeleza mchangiaji wa 1, na sikigusi kabisa.

Kwa wale wa mkono wa kulia ambao slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha, tazameni kidole gumba kimekaa wapi. Mara nyingi kimelala juu ya kijikono hicho na kinakizuia kisipande.

Mchangiaji wa 3

Wakuu, mimi nimechagua njia ya zamani, bastola ya chuma kitupu. Ninayo CZ 75 B, ambayo asili yake ni Chekoslovakia ya mwaka 1975, yenye uzito wa takriban kilo 1 kabla ya kuwekewa risasi. Slaidi yake hutembea ndani ya reli za fremu, tofauti na bastola nyingi ambazo slaidi huifunika fremu kwa nje. Kwa sababu hiyo mtutu hukaa chini karibu na mkono, na ule mrusho wa mdomo wa mtutu kwenda juu hupungua. Nilipoipiga kwa mara ya kwanza nilishangaa jinsi kilengeo cha mbele kilivyorudi mahali pake chenyewe kabla sijakitafuta.

Lakini triga yake inahitaji uvumilivu. Nyundo ikiwa imelala, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, kwa kuwa triga ndiyo inayoinyanyua nyundo na kuiachia. Baada ya hapo slaidi huiacha nyundo ikiwa imekokiwa, na mvuto wa pili huwa mfupi na mwepesi. Hizo ni triga mbili ndani ya silaha moja, na mtu anayefanya mazoezi ya mvuto mwepesi pekee ataikuta risasi yake ya kwanza imekwenda chini kila wakati. Mimi kila zoezi la risasi bandia (zile zisizo na baruti) naanza na nyundo ikiwa imelala. Angalizo ni kwamba toleo langu lina sefti, yaani kizuizi cha kuzuia silaha isifyatuke, lakini halina kifaa cha kuilaza nyundo kwa usalama, kwa hiyo kuilaza huku kuna risasi chembani ni kazi ya kidole gumba. Mimi huilaza wakati chembani hamna risasi ya kweli tu, kisha ndipo najaza magazini na kukoki pale ninapotaka kupiga kwa mvuto mwepesi. Mvuto mzito naufanyia mazoezi kwa risasi bandia.

Mchangiaji wa 4

Naongezea moja fupi kuhusu risasi bandia. Mlio wa bastola hupita desibeli 150, na mwili hujifunza kuuogopa hata ukiwa umeziba masikio. Mwambie mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi bandia na za kweli bila wewe kujua mpangilio wake. Triga ikikatika kwenye ile ya bandia utauona mtutu ukizama chini kabla ya mlio ambao haukuwapo. Kwa mtu wa mkono wa kulia, risasi nyingi zinazokwenda chini kushoto zinatoka hapo, na si kwenye vilengeo.

Mleta mada

Nashukuru sana kwa michango hii, hasa ya kijikono cha slaidi, ambayo nimeona inawahusu watu wengi wenye bastola kama yangu.

Kuna aliyeniuliza faraghani kuhusu kusafisha. Naomba nisisitize mpangilio, kwa kuwa ni suala la uhai. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi na kuikagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Ukianza na slaidi wakati magazini imo ndani, utaitoa risasi iliyokuwa chembani na papo hapo nyingine itapanda kushika nafasi yake, kisha utatoa magazini ukiamini silaha ni tupu. Bastola za aina yangu huhitaji triga ivutwe kabla slaidi haijatolewa, kwa hiyo anayekosea mpangilio huo anafyatua. Baada ya kazi osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula, maana masizi ya baruti yana madini ya risasi (lead) ndani yake.

Na kwa ndugu mwingine aliyeniambia faraghani kwamba bastola yake mpya inapiga kushoto, naomba usiguse vilengeo kwanza. Fanya jaribio la mchangiaji wa 4, kisha iweke mikono juu ya mfuko wa mchanga na upige taratibu, halafu mpe mtu mwingine mzoefu naye apige. Ikiwa matundu yenu yote yamekusanyika kushoto mahali pamoja, hapo ndipo kilengeo cha nyuma kinapostahili kusogezwa, na husogezwa kuelekea upande unaotaka risasi iende, yaani kulia. Kisogezwe kidogo sana. Kwenye bastola ambayo vilengeo vyake viwili vimeachana kwa milimita 165 hivi, nusu milimita tu huhamisha risasi kwa takriban sentimita 3 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 10.