Mjadala: Je, tiketi za basi ziandikwe saa za Kiswahili?

Mleta mada: Ndugu wanajamvi, tiketi ikiandikwa "12:00 p.m.", abiria mmoja huielewa kuwa saa sita mchana, mwingine saa sita usiku, na mwingine saa kumi na mbili jioni. Napendekeza ziandikwe saa za Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, ili mzee anayesafiri peke yake asiachwe stendi.

Karani wa Stendi: Sikubaliani nawe. Basi linalokwenda hadi Lusaka haliwezi kufuata saa za kienyeji. Inatosha kuandika "12:00 noon", kwa kuwa neno hilo halina utata.

Mwalimu Mstaafu: Hilo la "kienyeji" limeniuma. "Noon" limetokana na Kilatini *nona*, yaani saa ya tisa tangu macheo, ambayo ndiyo saa tisa yetu ya alasiri. Lilisogea hadi saa sita katika Zama za Kati. Soma Mathayo 20: vibarua wa shamba la mizabibu waliajiriwa saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na msomaji wa Kiswahili huelewa bila kufafanuliwa kwa nini wale wa mwisho walifanya kazi saa moja tu. Waethiopia nao huhesabu hivyo mpaka leo.

Karani wa Stendi: Mwalimu, kienyeji ni cha wenyeji, nami sioni tusi hapo. Nieleze basi la saa sita na nusu usiku wa Ijumaa linaondoka tarehe ipi.

Binti wa Pangani: Kwetu Pwani usiku hutangulia mchana wake, hivyo usiku wa Ijumaa huanza Alhamisi jua linapotua, na mtu wa bara akiyasikia maneno hayo atafika stendi basi limeshaondoka jana yake. Magazeti huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na tiketi zifanye vivyo hivyo.

Mwalimu Mstaafu: Naafiki, binti yangu. Hata hivyo, Karani hajajibu kuhusu *nona*.

Karani wa Stendi: Shikamoo Mwalimu. Asili ya neno haimsaidii abiria aliyesimama dirishani. Tutumie saa 24, ambapo 00:30 na 12:30 haziwezi kuchanganywa.

Mleta mada: Mama yangu akiona 19:00, nani atamweleza kuwa ni saa moja usiku?