Nitajuaje kuwa agumenti ya fanksheni haikuletwa kabisa, na si kwamba imeletwa ikiwa sifuri?

Swali

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninamwandalia mfanyabiashara mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, programu ya JavaScript ya kukokotoa bei ya machungwa ya Muheza anayoyauza kwa tenga. Fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya hesabu hiyo, hupokea agumenti (thamani inazopewa) tatu: idadi, bei na punguzo, na punguzo lisipotajwa hutumika asilimia 5, kwa sharti hili:

`if (!punguzo) punguzo = 5;`

Jana aliuza matenga 40 kwa shilingi 30,000 kila moja, akajaza punguzo 0 kwa makusudi, lakini risiti ikatoka 1,140,000 badala ya 1,200,000. Mwenye mali bado amenuna.

Jibu la kwanza

Wa alaykum salaam. Alama hiyo ya mshangao haiulizi kama punguzo limeletwa; inauliza kama ni la kweli, na katika JavaScript sifuri, maandishi matupu, `null` (thamani tupu), `NaN` (isiyo namba) na `undefined` (isiyopewa thamani) vyote huhesabiwa kuwa si kweli. Agumenti isiyoletwa huwa `undefined`, basi linganisha nayo yenyewe: `punguzo === undefined`. Nadhifu zaidi ni kuandika `punguzo = 5` ndani ya mabano ya fanksheni, kama inavyoruhusiwa tangu ES2015, toleo la JavaScript la mwaka 2015.

Jibu la pili

Njia hiyo ya mabano haishiki `null`, ambayo ikigawanywa kwa 100 hugeuka sifuri kimyakimya. `punguzo ?? 5`, iliyokuja na ES2020, hushika zote mbili, `null` na `undefined`. Vilevile, ndugu, sioni ukikagua idadi na bei. Zikikosekana, lugha ya Python ingegoma papo hapo kwa kosa la `TypeError`, ilhali JavaScript huendelea na hesabu mpaka risiti inaandika `NaN`. Idadi au bei ikikosekana, simamisha kazi kwa `throw`, yaani amri ya kutoa kosa, usizibunie thamani.

Mwuliza swali

Ahsanteni. Sifuri sasa inaheshimiwa, lakini kisanduku cha fomu kikiachwa wazi huleta `""`, ambayo `??` inaipitisha, na mteja anakosa asilimia 5 zake.

Jibu la kwanza

Hapo fanksheni haina kosa. Mahali unapoisoma fomu, igeuze `""` iwe `undefined` kwanza, ndipo maandishi mengine uyapitishe kwenye `Number`. Usiupindue mpangilio huo, kwa sababu `Number("")` hutoa 0, na hutaweza tena kutofautisha kisanduku kilichoachwa wazi na sifuri aliyoiandika mwenye duka.