Seva yetu wenyewe au klaudi? Duka Mwanakwerekwe, tawi Chake Chake

DukaKwerekwe
Assalaam aleykum jamani. Sie tuna duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, Unguja, na tawi Chake, Pemba. Hesabu zote zimo kwenye kompyuta moja nyuma ya kaunta, Chake wananirushia mauzo kwa WhatsApp usiku, mie nayachapa upya, makosa hayeshi. Mwezi uliopita ile kompyuta ikafa, fundi kaifungua ndani kutu tupu, hewa yetu hii ya chumvi, tukapoteza wiki tatu za madeni ya watu. Sasa mmoja ananambia ninunue seva, kompyuta ya kukusanya hesabu zote, niiweke dukani, mwengine ananambia niende klaudi. Klaudi ipi? Kila nnaemuuliza ana lake.

FundiMjini
Waaleykum salaam, pole sana kaka. Klaudi ni kutumia kompyuta za kampuni nyengine kwa mtandao, na kila mtu ana lake kwa sababu si kitu kimoja. Kuna kukodi programu iliyo tayari, unalipa kila mwezi, nyingi kwa idadi ya watumiaji, unafungua hata kwenye simu, mambo ya seva hayakuhusu: Google Workspace, Microsoft 365, QuickBooks Online, ndo hizo. Halafu kuna kukodi mashine tupu, kwa AWS ya Amazon, Azure ya Microsoft au Google Cloud, na hapo kuiwekea programu, kuifunga milango wezi wasiingie, kuisasisha, yote juu yako. Kwa duka la saruji na misumari hio ya pili mie nasema hapana, labda uwe na programu yako ulioandikiwa.

BiPaje
Naongeza kwenye hio mashine tupu maana imeniuma. Nyumba yetu ya wageni tulitengenezewa mfumo wa bukingi tukaukodia seva kwa kampuni moja kubwa, kijana akawasha mashine ya majaribio akaisahau, miezi miwili hatuna khabari, bili ilipofika nilikaa chini. Watu husema klaudi unalipia ulichotumia kama umeme, kweli, lakini si umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, tukuza ukisha unakatika, hii inahesabu tu na unakuja kudaiwa mwisho wa mwezi tena kwa dola. Weka tahadhari ya bajeti siku ya kwanza, na ujue ile tahadhari inakuletea imeili tu, kuzima unazima wewe.

MtuWaWete
Mbona hamsemi intaneti? Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika mtandao nchi nzima ukawa wa kuvizia. Mteja kasimama kaunta na pesa mkononi, programu inazunguka tu. Kwa Chake chukua programu ya mauzo inayouza hata bila mtandao, inaweka risiti ndani ya tableti, mtandao ukirudi inazipeleka yenyewe. Ukimuuliza muuzaji wa programu akijibu kwa kuzunguka, zima data mbele yake uone.

DukaKwerekwe
Hapo umenigusa. Kwani seva ya dukani si ndo ingetuokoa?

FundiMjini
Ingekuokoa Mwanakwerekwe, Chake wangekuwa palepale, kuifikia wanahitaji mtandao vilevile. Na umeme je? 2008 waya wa umeme wa baharini kutoka bara uliharibika, Unguja ikakaa gizani kama mwezi mzima, mwisho wa 2009 tena, miezi mitatu. Waya mpya wa 2013 umesaidia sana lakini seva bado inataka UPS, betri ya kuishika umeme ukikatika, kiyoyozi usiku na mchana, na mtu wa kuiangalia, na kutu ile ile itaifata. Na kama siku moja utakodi mashine, angalia ya Afrika Kusini kwanza, AWS wapo Cape Town tangu 2020, Azure na Google wana Johannesburg, karibu kuliko Ulaya.

MhasibuMlandege
Mambo mawili naona yanapitwa. Kusawazisha faili, yaani faili moja kuonekana kwenye mashine zote, si bakapu, si nakala ya akiba, mtu akifuta Chake linafutika na kwako, na Google Drive kwenye takataka linakaa siku 30 tu. Toa nakala nyengine mahali pengine. La pili, akaunti ifunguliwe kwa imeili ya duka, si ya kijana wa kompyuta, nimeona biashara imefungiwa nje ya hesabu zake kwa sababu kijana kaacha kazi na paswedi kaondoka nayo. Na madeni yana majina na simu za watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi, muulize mwanasheria kabla hujahamisha.

DukaKwerekwe
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Bas, programu ya kukodi inayouza bila mtandao, tunaanza Chake maana huko ndo shida, na kila Ijumaa ntashusha nakala kwenye diski iende nyumbani isilale dukani. Limebaki moja: madeni ya kwenye madaftari tangu zamani, kuna njia ya kuyaingiza bila kuchapa moja moja?

MtuWaWete
Ya uhakika hakuna yakhe. Anza na wanaokuja dukani bado, wengine mwandike siku akitokea.